Supavaiza anataka nitafsiri magazeti yote kwa Kiingereza ndo niyachambue, nifanyeje?

Shikamoo Mama,

Samahani barua itakuwa ndefu maana nimeshika kichwa wiki ya tatu sasa hivi na nyumbani hamna wa kumwambia, hawajui hata nasoma nini. Mi nasoma uzamili wa isimu hapa Dar, kozi nimemaliza nimebaki na tasnifu. Mada yangu ni jinsi magazeti ya Kiswahili na ya Kiingereza ya hapa Tanzania yanavyowaandika machinga, yaani itikadi iliyomo humo ndani, nani anaonekana mkosaji, nani anaonekana mwenye haki na barabara, nani haulizwi kabisa. Nimekusanya habari mia sita na kitu kuanzia mwisho wa 2016 mpaka mwisho wa 2021, kila habari nimeikopi kwa mkono nikaiweka kwenye faili lake la txt, theluthi mbili ni za Kiswahili. Miezi minne mizima.

Sasa supavaiza wangu wa kwanza kasema habari zote za Kiswahili nizipitishe kwenye mashine ya kutafsiri ziwe Kiingereza, ili "data iwe lugha moja", halafu ndo niingize kwenye programu nihesabu maneno nilinganishe. Supavaiza wa pili yeye anasema kuhesabu maneno sio uchambuzi wa diskosi, niache hiyo kompyuta nichague habari kumi nzuri nizisome kwa kina. Nilipowasilisha semina nikawa nimechagua kama kumi hivi, mtu mmoja akanyoosha mkono akauliza mbona umechagua zile zinazokubaliana na wewe. Sikuwa na jibu Mama, nilisimama pale nikaangalia slaidi yangu.

Halafu nikajaribu AntConc, ile programu ya kutafuta na kuhesabu maneno kwenye matini, mwenyewe bila kutafsiri. Nikaandika "ondoa" upande wa Kiswahili nikapata mistari michache mno, upande wa Kiingereza maneno ya kuondoa yako kibao. Nilitaka kuandika kwamba magazeti ya Kiswahili hayaongelei sana kuondolewa kwa machinga, ila mi nimezisoma zile habari zote na najua sio kweli, kila siku ilikuwa ni kuondolewa tu. Kwahiyo hata programu yenyewe siielewi inanidanganya wapi.

Kuna lingine sijamwambia mtu pale chuo. Kaka yangu ninayemfuata alikuwa na meza ya viatu vya mtumba Kariakoo. Kile kitambulisho cha elfu ishirini alikata. Nusu ya pili ya 2021 meza ikaenda, asubuhi alikuta mbao tu na kiatu kimoja cha mtoto, ada yangu ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye meza ile. Nikisoma zile habari kuna mahali machozi yananitoka. Naogopa supavaiza akijua ataniambia sifai kuandika mada hii. Nisaidie Mama, nitafsiri au nisitafsiri, nihesabu au nisome, na hili la kaka yangu nilifiche au niliseme?

Mwanafunzi wenu, Dar


Marahaba mwanangu,

Pole na hongera kwa pamoja. Habari mia sita zilizokopiwa kwa mkono moja moja, kila moja faili lake, sio kazi ndogo hiyo, wengi wanaishia kupakua rundo wasilojua lina nini ndani. We unazijua habari zako, na ndo maana programu ilipokupa jibu la ajabu ulishtuka. Hiyo hisia ya "hapana, mi nimezisoma" usiiache popote, itakusaidia mpaka siku ya utetezi.

Nianze na kutafsiri maana hapo ndo pa hatari. Usitafsiri. Nalisema hili moja kwa moja na najua supavaiza wako ana nia njema, anataka vitu vinavyolinganishika, ila ukitafsiri atakuwa amekusaidia kutupa kitu kilekile unachokitafuta. Itikadi kwenye gazeti haikai kwenye habari yenyewe kwamba siku fulani vibanda viliondolewa, hilo magazeti yote yatakubaliana. Inakaa kwenye namna ya kusema, yaani kitenzi gani, nani kawekwa mbele, nani kaachwa nje ya sentensi. Na mashine ya kutafsiri kazi yake ni kukupa habari, namna inaibadilisha inavyotaka.

Chukua sentensi tatu hizi, nimezitunga mimi usizitafute gazetini: "Mgambo wamewaondoa machinga Kariakoo." "Machinga wameondolewa Kariakoo." "Machinga wameondoka Kariakoo." Soma tena taratibu. Ya kwanza ina mtu aliyefanya. Ya pili tunajua wamefanyiwa ila aliyefanya hayupo, unaweza kuisoma habari nzima usimkute. Ya tatu wamejiondokea, kama vile walichoka biashara wakasema twendeni. Mzizi ni uleule, ondo, kilichobadilika ni mwisho wa kitenzi, -a, -lewa, -ka, herufi mbili tatu hivi na lawama yote imehama. Ni kama vibanda "vimebomolewa" na vibanda "vimebomoka", hicho cha pili ukisikia unafikiria mvua. Sisi tuliokua na Kiswahili tunalisikia hilo bila kufundishwa. Sasa pitisha zote kwenye mashine, kuna siku itakupa za pili na tatu kwa maneno yanayofanana kabisa, kuna siku itakuongezea mtenda ambaye mwandishi hakumtaja kwa sababu Kiingereza kilitaka kiima. Utakuja kuandika sura nzima juu ya itikadi ya mashine, sio ya gazeti.

Na sio mashine peke yake, hata mtu mwenye akili na nia njema akitafsiri mambo yanahama. Mfano ambao kila Mtanzania anaujua ni Azimio la Arusha. Lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Januari 1967 likatangazwa Februari 5, lilijadiliwa na kutolewa kwa Kiswahili, na Kiingereza chake baadaye kilibidi kirekebishwe maana tafsiri ya kwanza ilikuwa na utata. Pale kwenye ile sehemu maarufu kuna vitenzi vitatu, kuonewa, kunyonywa, kupuuzwa. Kiswahili kinavitaja, kinasema unyonge wetu ndo uliosababisha, halafu kinavirudia vilevile vitatu kwamba tunataka mapinduzi ili yasitupate tena. Ni nyundo ileile inagonga tena palepale. Kwenye Kiingereza, kupuuzwa ya mwanzo ni "disregarded" na kupuuzwa ya mwisho imekuwa "humiliated". Kupuuzwa ni mtu kupita kama hujamwona, hilo la pili ni kudhalilishwa, mtu kakuona vizuri na akakushusha. Anayesoma Kiingereza peke yake ataona hoja imepanda ngazi kutoka jambo moja kwenda jambo kali zaidi, anayesoma Kiswahili ataona neno moja limerudi. Na ule "unyonge" umekuwa "weakness", udhaifu, wakati mnyonge kwetu sio mtu asiye na nguvu za mwili tu, ni mtu asiye na wa kumsemea. Neno hilohilo "wanyonge" limekuja kuvuma sana tena miaka ya Magufuli na hapo limo kabisa ndani ya mada yako, maana machinga walihesabiwa kati ya wanyonge kwenye hotuba zile. Ukitafsiri kabla ya kuchambua huo uzi unakatika, hutaona kwamba neno la 1967 limerudi kufanya kazi nyingine.

Kwahiyo utalinganishaje lugha mbili bila kuzifanya moja? Chambua kila lugha ndani ya lugha yake kwanza mpaka mwisho, halafu linganisha ulichokipata. Usilinganishe neno na neno, linganisha kazi na kazi. Uliza swali moja pande zote mbili, mfano: machinga akitajwa, anafanya au anafanyiwa? Aliyemfanyia anatajwa? Akisema neno, linaletwa kwa kitenzi gani? Jibu la Kiswahili litatoka kwenye viambishi, la Kiingereza litatoka kwenye mpangilio wa maneno, ila swali ni lilelile na majibu yanakaa meza moja. Tafsiri utaiweka mwisho kabisa, chini ya mifano utakayoitoa kwenye tasnifu, na uitafsiri mwenyewe.

Sasa hili la "ondoa". Programu haikudanganyi, inafanya ulichoiambia. AntConc ukiiandikia neno inatafuta neno zima lililosimama peke yake, na "ondoa" iliyosimama peke yake ni amri tu, gazeti haliandiki sana "ondoa!". Zote zilizobaki zimevaa nguo, kuondoa, waliwaondoa, wameondolewa, hawataondolewa, kuondoshwa, uondoaji. Kiingereza kinabadilika kidogo sana mwisho wa neno ndo maana upande ule ulipata nyingi. Weka nyota, ambayo inasimama badala ya herufi zozote, andika *ondolew* utapata za kutendwa za kuondoa, halafu *ondok* peke yake, halafu *ondosh*, kila moja ihifadhi kwenye faili lake. Usiweke *ondo* tupu ukaiamini, itakuletea kondoo, mkondo na London, na utakuwa umeongeza hesabu kwa kondoo. Pitia macho kila orodha kabla hujaandika namba yoyote. Fanya hivyohivyo kwa kuhamisha, kubomoa, kufukuza, na kupanga.

Hilo la "kupanga" lishike vizuri. 2021 neno lililotawala ni kuwapanga machinga, sio kuwaondoa. Kupanga ni neno zuri, unapanga vyombo, unapanga nyumba, nani atakataa kupangwa? Ila kinachopangwa kwa kawaida ni vitu, na kitu hakiulizwi kinataka kukaa wapi. Angalia kwenye data yako ni lini kupanga kumeanza kupanda na kuondoa kumeshuka, na je gazeti la Kiingereza lilitafuta neno la kulingana nalo au liliendelea na la kuhamisha na kufukuza. Mi ningekuwa we hiyo ningeipa sura nzima.

Kuna mtego mwingine wa Kiswahili hautausoma kwenye vitabu vingi vya fani hii kwa sababu vingi vimeandikwa kwa mifano ya Kiingereza. Machinga anaweza kuwepo kwenye sentensi na jina lake lisiwepo kabisa. "Wamewaondoa." Wa ya kwanza ni mgambo, wa ya pili ni machinga, mtu mzima kakaa ndani ya silabi moja katikati ya kitenzi. Ukitafuta "machinga" tu utapata sentensi ya kwanza ya aya, zile nne zinazofuata ambazo ndo zina vitendo hutazipata. Kwahiyo kila mstari wa konkodansi, yaani ile orodha ya mistari programu inayokuletea, bonyeza uingie kwenye habari yenyewe usome aya nzima, na kwa habari chache, tuseme hamsini utakazozichagua kwa bahati nasibu, zipitie kwa mkono uwekee alama kila mahali machinga alipo hata akiwa ni silabi. Ni kazi ya kuchosha, najua, ila hiyo ndo itakayofanya mtu asome tasnifu yako.

Na kuhesabu pia kuna shida hapohapo. Desturi ni kusema neno limetokea mara ngapi kwa kila maneno elfu kumi au milioni moja. Ndani ya lugha moja ni sawa. Kati ya Kiswahili na Kiingereza sio sawa, maana "hawataondolewa" kwetu ni neno moja na Kiingereza kinahitaji matano kusema kitu hichohicho, kwahiyo habari ileile ina maneno machache kwa Kiswahili na kila asilimia yako itakuwa imevimba. Hesabu kwa habari badala ya kwa maneno: katika habari mia, ngapi zina *ondolew*, ngapi zinamtaja aliyeondoa. Au hesabu uwiano ndani ya lugha yenyewe, za kutenda kwa za kutendwa. Hata dirisha la maneno matano kushoto na matano kulia ambalo watu wanalitumia kutafuta maneno yanayoandamana, kwa Kiswahili linabeba mambo mengi kuliko Kiingereza, basi liseme hilo kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, mtahini atakuheshimu.

Majina je? Natumaini hukukusanya kwa neno "machinga" peke yake. Kuna "wafanyabiashara ndogondogo", kuna "wamachinga", kuna "wajasiriamali wadogo", na hilo la mwisho ndo liliandikwa kwenye mpango wa vitambulisho vya Desemba 2018 vya elfu ishirini, kama kile cha kaka yako. Mtu ni yuleyule na meza ni ileile, siku anapolipia kitambulisho ni mjasiriamali, siku anapozuia njia ni machinga. Sisemi ndivyo data yako itakavyosema, nasema ukiwa huna maneno yote matatu hutajua. Na machinga lenyewe ni jina la watu wa Lindi kabla halijawa jina la kazi, watu wanasahau hilo, angalia kama kuna habari hata moja inayolikumbuka.

Ulinganishe magazeti gani? Hujaniambia, ila kama bado una nafasi ya kupanga upya, panga kwa nyumba. Mwananchi na The Citizen ni kampuni moja. HabariLeo na Daily News ni TSN (Tanzania Standard Newspapers), kampuni ya serikali. Nipashe na The Guardian nyumba moja pia. Ukichukua jozi ya nyumba moja, mwenye gazeti ni yuleyule, tukio ni lilelile, kilichobadilika ni lugha na msomaji, basi tofauti utakayoiona una haki ya kuiuliza lugha na msomaji wake. Ukichanganya tu Kiswahili chote upande huu na Kiingereza chote upande ule, mtu atakuuliza hiyo ni lugha au ni mwenye mali, na atakuwa na haki. Halafu kata kwa muda. Desemba 2016 Magufuli alizuia machinga wasiondolewe kwa nguvu katikati ya miji, Desemba 2018 vitambulisho, 2021 kupanga. Hizo tatu ni dirisha zako, huhitaji kubeba miaka mitano yote kwa uzito mmoja.

Sasa huyu supavaiza wa pili anayesema soma kumi. Yuko sahihi kwamba kuhesabu sio uchambuzi, ila kumi za nani? Yule aliyenyoosha mkono semina hakuwa adui yako, alikuuliza swali ambalo hii njia yote ilibuniwa kulijibu. Paul Baker na wenzake pale Lancaster, Uingereza, walikusanya habari za magazeti ya kule kuhusu wakimbizi na waomba hifadhi za 1996 mpaka 2005, maneno milioni 140, na walichofanya ni kwenda na kurudi, namba inakuonyesha pa kusoma, kusoma kunakupa swali jipya la kuipelekea namba. Walikuta wakimbizi wanaandikwa kwa maneno ya maji, wanafurika, wanamiminika. Hilo kwenye habari kumi ungesema ni mwandishi mmoja kapenda tamathali, kwenye maelfu ni mazoea ya magazeti. Kwahiyo kumi zako zipate kutoka kwenye namba: chukua neno lililojitokeza kwa nguvu, tafuta habari ambazo limejaa, chagua humo, na uongeze mbili tatu ambazo limekosekana kabisa ingawa tukio ni lilelile. Mtu akiuliza mbona hizi, jibu unalo mkononi.

Neno la kuanzia nalo nikupe moja, kuzagaa. Andika *zaga* uone nani anazagaa kwenye magazeti yetu. Taka zinazagaa, uvumi unazagaa, pombe haramu zimezagaa, na machinga wamezagaa. Hamna anayeandika madaktari wamezagaa. Neno linachukua harufu ya marafiki zake, likija kwa mtu linakuja na harufu ile hata kama mwandishi hakukusudia. Aliyeliweka hili wazi kwenye maandishi ya kitaalamu, 1993, ni Bill Louw aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe, kwahiyo usione ni fani ya mbali sana na sisi. Ila usiseme "zagaa ni neno baya" kwa sababu we unalisikia hivyo, onyesha. Nenda kwenye kopasi, yaani mkusanyiko wa maandishi wa kompyuta, kubwa ya Kiswahili ya Helsinki, ile ya Arvi Hurskainen, toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25, uangalie zagaa inaandamana na nini huko nje ya mada yako, halafu rudi. Vitenzi kule vimechambuliwa mpaka mizizi, kwahiyo lile tatizo la nyota na kondoo utapumzika nalo kidogo.

Angalia na vitenzi vya kusema. Mkuu wa mkoa "amesisitiza", "amefafanua", "amewataka". Machinga "wamelalamika", "wamedai". Kudai kwetu ni neno zito, ni kusema jambo lisilo na uhakika na ni kutaka haki yako au deni lako, maana zote mbili zimo kwenye neno moja, na msomaji anaweza kuchukua yoyote. Kiingereza mara nyingi kinalazimika kuchagua. Hesabu nani anasisitiza na nani anadai, orodha ya vitenzi kumi tu inatosha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na uangalie ngapi machinga hajapewa kitenzi chochote cha kusema. Asiyesema kabisa programu haimwoni, we ndo wa kumtafuta.

Sasa kaka yako. Kwanza mfikishie pole yangu, kiatu kimoja cha mtoto nimekiona. Usilifiche. Liandike kwenye sura ya tatu, aya moja, bila kupamba: ndugu yangu alikuwa mfanyabiashara Kariakoo, alipoteza meza 2021, nimesomeshwa kwa sehemu na biashara hiyo. Mtu yeyote anayeandika juu ya machinga Dar ana mahali alipokaa, hata yule mwenye gari anayechukia kupita Kariakoo ana mahali alipokaa na hataulizwa. Kukaa kwako karibu ndo kunakufanya usikie "wameondoka" na ushtuke. Kitakachokutetea ni utaratibu wako: kabla hujaandika hoja yoyote tafuta mistari inayoikataa. Ukidhani gazeti la serikali linaficha mtenda, tafuta habari zake zinazomtaja kwa jina na cheo, zihesabu, ziweke kwenye jedwali na zile nyingine. Ukidhani Kiswahili kina huruma kuliko Kiingereza, tafuta habari ya Kiswahili iliyo kali kuliko zote na uianze nayo sura. Kuna mahali utakuta umekosea na itauma kwa sababu ya kaka, iandike hivyohivyo ilivyo.

Kwa supavaiza wa kwanza usiende na maneno "hapana siwezi". Nenda na karatasi moja. Chukua habari tano za Kiswahili, zipitishe kwenye mashine kama alivyosema, weka jedwali, kushoto vitenzi vya Kiswahili, katikati alichotoa mashine, kulia mtenda yupo au hayupo kabla na baada. Mwambie, mwalimu nilijaribu ulichonielekeza nikaona hiki, naomba ushauri wako. Mtu wa isimu akiona -ondoka na -ondolewa vimekuwa kitu kimoja hatakulazimisha, ataanza kukuuliza maswali mazuri. Wa pili mpelekee mistari ishirini ya zagaa bila maelezo yoyote, asome mwenyewe.

Faili zako zipe majina yenye gazeti, lugha na tarehe, hifadhi kwa UTF-8 na weka nakala sehemu mbili, mwanafunzi wangu mmoja laptopu ilianguka kwenye daladala akaanza upya. Halafu anza na *ondolew* kesho asubuhi. Kwa kila mstari angalia mbele kama kuna "na" inayomleta aliyeondoa, "wameondolewa na mgambo", na usiichanganye na ile "na" ya kuunganisha, "wameondolewa na kupelekwa". Mistari mia mbili ya Kiswahili. Ukimaliza niandikie ni mingapi ina hiyo "na", nataka sana kujua.